Jiwe la Tatu Kutoka Ngazini

Ukitaka kupiga picha ya hekalu, njoo asubuhi. Usije saa sita jua likiwa utosini, watu wote wakatoka na vivuli vyeusi machoni kama waliopigwa ngumi. Njoo mwanga ukiwa unatoka ubavuni, ukuta uonyeshe nakshi zake. Weka kitu mbele, tawi au ngazi au mlango ulio wazi nusu, usiliache jengo likaelea peke yake. Weka na mtu, ili macho yajue ukubwa wa mahali. Ukiwa ziwani, inama mpaka magoti yalowe. Ukiwa mlimani, subiri wingu, maana mbingu tupu haina hadithi. Na ukimkuta mtu anaomba, shusha kamera yako. Hutakosa kitu.

Hayo nawaambia wageni kila siku, bure kabisa, huku nachapa picha zao kwenye mashine ndogo iliyo chini ya mwavuli. Wananisikiliza midomo wazi. Wengine wanayaandika kwenye simu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi nimepiga ziwa gani na mlima upi, na ni afadhali, kwa sababu sijapiga hata bwawa. Nimeyaokota maneno hayo kwa wapita njia na kwenye magazeti waliyoyasahau. Mimi nimepiga hekalu moja, kutoka jiwe moja, tangu nilipooa.

Ng'ambo ya korongo, mkabala na hekalu, kuna uwanja mwembamba wenye mawe bapa kwenye ukingo wake. Kila jiwe lina mpiga picha wake. Mtu wa jiwe la kwanza hagusi la pili, na wa pili hagusi la tatu, hata mwenzake akiwa hoi kwa homa. Ukiliacha jiwe wazi, kabla hujarudi kutoka kung'oa jino, aliyekuwa anasubiri nafasi ameshatandika mwavuli wake na anakuuliza unatafuta nini. Anayeruhusiwa kukushikia ni mtu wa nyumba yako tu, tena kwa baraka ya mwenye jiwe. Na mwenye jiwe lazima awe ndiye anayezikagua picha zinazotoka pale, ili jina la uwanja lisiharibike. Wenyewe wanasema mwenye jiwe ni mwenye jicho.

Mwenye jiwe letu ni mkwe wangu. Nilipoposa binti yake alinipa mke na jiwe kwa siku moja, na jiwe ndilo lililokuja na masharti mengi zaidi. Ujanani mwake alisimama pale mpaka akapata kipimo ambacho kilele cha hekalu na viatu vya mteja vinaingia pamoja, vyote vikali. Alipokipata akaifunga pete ya lenzi kwa plasta nyeusi isisogee tena. Kamera nimeshabadilisha, lakini kila mpya ikija, mzee anaomba plasta na kuibandika kwa mkono wake. Kisha anaketi kwenye kiti chake nyuma yangu kutwa nzima. "Mshushe kidevu huyo." "Msogeze kulia." "Una haraka ya nini?" Nina mvi za ndevu, nina watoto wanaonizidi kimo, na bado nafundishwa kazi mbele za wateja kama niliyeanza jana.

Nitasema ukweli. Kuna siku nililichukia lile hekalu. Watu wanavuka bahari kuja kuliona, wanalia machozi, wanashikana mikono. Mimi nikiamka tu naliona limenikalia pale ng'ambo kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Lakini ndilo linalotulisha. Simu za wageni haziwezi kukusanya kilele na viatu mahali pamoja, kwa hiyo wanakuja kwetu, na watoto wanakwenda shule.

Basi msimu huu akaja Mama Mizigo. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuonekana bila mikoba miwili kila bega. Huwazungusha watu wanaojifunza kupiga picha, kundi zima kwenye gari moja, kutoka maporomoko hadi maziwa hadi mahekalu ya mbali ambayo mimi nayajua kwa majina tu. Alinisikiliza nikiwapa wanafunzi wake porojo zangu za asubuhi na wingu, akangoja waende kununua maji, akanisogelea.

"Kaka, msaidizi wangu ameolewa, ameniacha kwenye mataa. Nataka mtu mwenye subira wa kutembea na hawa watu. Unakuja?"

"Mimi?"

"Kwani hapa nazungumza na nani? Ni msimu wote, na ukinifaa, na mwingine. Tunaondoka wiki ijayo. Ukikataa sina kinyongo, ila nikishapata mtu mwingine basi, mimi sibembelezi."

Moyo ulinienda mbio hata nikaogopa mzee atausikia pale kitini. Nikamwambia nitampa jibu. Siku ile nilimpiga mteja picha tatu akiwa amefumba macho na sikuona.

Sasa, kumwambia mkwe wako kwamba unataka kuliacha jiwe lake si jambo la kuropoka. Nilitafuta siku ya utulivu, nikaipata siku ya ukungu. Ulipanda kutoka korongoni ukameza kila kitu, mweupe, unang'aa, huoni ngazi sembuse hekalu. Wenzetu wote wakafunga miavuli wakaenda zao. Tukabaki sisi wawili, maana mzee haondoki kabla ya saa ya kufunga hata mbingu ianguke.

"Baba," nikaanza.

"Ngoja kwanza," akanikatiza, uso wake ameuelekeza ng'ambo, anatabasamu. "Usipoteze mwanga. Leo limetoka safi kabisa. Mweke mteja upande wa kulia, piga."

Hapakuwa na mteja. Hapakuwa na hekalu. Nilidhani ananitania, ila yule mzee utani na yeye ni mbalimbali. Nikapunga mkono mbele ya uso wake, polepole, halafu haraka. Aliendelea kuutabasamia ule weupe.

"Umepiga?"

Nikabonyeza kamera ili asikie mlio. "Nimepiga, baba."

"Vizuri."

Nilikaa juu ya jiwe. Yote yakanirudia. Kiganja chake kinavyotambaa ukutani kila akipanda. Anavyouliza "Nani huyo?" mke wangu akija bila kusema. Picha za jioni anazozishika, akazigeuza huku na huku, akanipa lawama ileile ya jana. Alikuwa anaona mwanga na giza, na umbo la mtu labda, basi. Amri zote alikuwa anazitoa kwa mazoea, na mimi nazitii. Nilikasirika kwanza. Huruma ilikuja baadaye, na huruma ndiyo mbaya zaidi, kwani hasira unaweza kupanda nayo gari ukaondoka.

Sikumwambia mtu. Mke wangu angejua, angemfungia baba yake nyumbani kwa mapenzi mema, na yule mzee ndani ya kuta nne hamalizi msimu. Wenzetu wa uwanjani wangejua, neno lake lingekwisha siku hiyohiyo. Nikawa nimebanwa huku na huku. Kuondoka siwezi bila baraka yake, na baraka siwezi kuiomba kwa mtu ambaye nikiondoka hatakuwa na wa kumfichia. Mama Mizigo akipita nilijifanya nafuta lenzi.

Siri ya safari aliitoa Fleshi, jirani yangu wa jiwe la nne, anayewasha taa ya kamera hata jua likiwa kali, na mdomo wake nao hauzimiki. Alikutana na mke wangu dukani. Nilipofika nyumbani nikamkuta amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Kumbe una safari, na mimi nazipata habari kwa Fleshi?"

"Sina safari. Sijaenda popote."

"Ndicho ninachokuuliza. Kwa nini hujaenda? Umeanza kusema maziwa na milima tangu tunachumbiana. Watu wakija kututembelea hawapati nafasi ya kusema, wewe na milima."

"Na jiwe?"

"Jiwe nitasimama mimi."

Niseme hapa kwamba mke wangu alikulia kwenye ule uwanja. Alijua kukadiria mwanga kabla hajajua kufunga viatu. Baba yake alimfundisha yote, halafu binti alipokua jiwe akampa mkwe, kwa kuwa ndivyo walivyozoea. Mke wangu hakuwahi kulalamika. Alikuwa tu akizitazama picha zangu jioni, anatabasamu upande mmoja wa mdomo, na mimi nageuza mazungumzo.

Kesho yake akapanda mwenyewe mpaka uwanjani akamwambia baba yake mbele ya kila mtu. Mzee akakunja uso. "Jiwe si kigoda cha jikoni, mwanangu."

"Nijaribu, baba."

Mwenyekiti wa uwanja, mtu wa jiwe la kwanza, mnene na mpenda haki, akaingilia. "Mzee, mimi sina pingamizi. Wenzangu pia hawana. Ni neno lako tu linalongojwa. Tufanye hivi: apige picha moja, uikague. Ukisema nzuri, anamshikia mumewe. Ukisema mbaya, yameisha."

Watu wakaitikia. Mzee angesema nini? Angekataa kuitazama picha? "Haya," akasema. "Apige."

Ilipangwa iwe asubuhi ya kuondoka kwa Mama Mizigo, ambaye nilishamwambia kwamba mzee akikubali tu napanda. Gari lilikuwa limeegeshwa barabarani chini ya uwanja, mlango wazi, na begi langu limeshapandishwa. Mke wangu ndiye aliyelipanga, akatia na soksi za sufu kwa ajili ya hiyo milima. Sikulala vizuri. Nilijiambia: mtu asiyeona, akiletewa picha na mtoto wake mwenyewe, atasema nzuri, yaishe. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini.

Mke wangu akasimama jiweni. Jambo la kwanza akaibandua plasta, taratibu, kwa ukucha, bila mlio. Mteja alikuwa mama mmoja mgeni mwenye mtandio mrefu. Kabla ya kumwita, akamwambia baba yake: "Baba, hebu simama pale mahali pa mteja kidogo, nipime mwanga." Mzee akaenda akasimama, mikono nyuma, shuka lake la baridi mabegani, uso kwenye mwanga. Kamera ikalia. "Asante baba, kaa." Halafu akamweka yule mama, kamera ikalia tena.

Akaniita nimsaidie mashineni. Wenzetu walikuwa wamejipanga nusu duara mbele ya kiti cha mzee. Picha ikatoka taratibu, nami nikaishika ingali ya moto. Haikuwa ya yule mama. Ilikuwa ya mzee.

"Maisha yake yote amesimama nyuma ya kamera," mke wangu akaninong'oneza, macho yanamcheka. "Hana picha yake hata moja iliyopigwa kutoka jiwe lake. Mpelekee. Atalainika."

Sijawahi kuona picha kama ile ikitoka kwenye jiwe letu. Ningeweza kugeuka nichape ya yule mama, lakini mwenyekiti alishaita, "Vipi, bado?" na mke wangu akanisukuma mgongoni. Nikaenda. Nikamwekea mzee picha mkononi, wale waliosimama mbele wakaona mgongo mweupe wa picha tu. Niliyeona upande wenye picha ni mimi, na mke wangu aliyekuja kusimama kando yangu, anangoja baba yake acheke.

Mzee aliisogeza karibu, akaipeleka mbali. Akaielekeza kwenye mwanga. Hata Fleshi alinyoosha shingo.

"Mbaya," akasema.

Mke wangu akatabasamu bado, akidhani ni utani.

"Huyu mama umemkata miguu," mzee akaendelea, sauti yake ileile ya kila jioni. "Na mtandio wake umemezwa na ukuta. Mwanangu, hii kazi ina wenyewe."

"Mama?" mke wangu akasema. "Mama gani, baba? Huyo si..."

Nilijua neno linalofuata. Ningelinyamazia tu, lingetoka lenyewe, wala si kwa kinywa changu. Mzee asingekuwa tena mwenye jicho, mwenyekiti angeamua, mke wangu angepata jiwe, na mimi nilikuwa na begi garini na soksi za sufu. Kazi yangu ilikuwa kufunga mdomo, kitu ambacho hata mtoto anaweza.

"Ni yule mama wa mtandio," nikasema kwa sauti. "Hata mimi nimeona amekatwa miguu."

Mke wangu akanigeukia. Sijui nilitazamwa hivyo lini na mtu.

"Lete na sisi tuione," mwenyekiti akasema, akanyoosha mkono.

Nikaichomoa picha mkononi mwa mzee kabla vidole vya mwenyekiti havijaifikia, nikaitia ndani ya shati. "Ya nini tena? Mlisema neno ni la mwenye jiwe. Amesema mbaya. Au sheria zenu mnazibadilisha kila kukicha?"

Mwenyekiti alikasirika, na alikuwa na haki. "Hakuna aliyebadilisha kitu," akasema. "Neno limepita." Watu wakaanza kutawanyika, wananong'ona kwamba kumbe mume mwenyewe hataki mkewe aonekane.

Mke wangu hakuondoka. Alikuwa amepandwa na hasira ya kuniua. Halafu akamgeukia baba yake ili amwambie yake, na baba yake, aliyesikia nyayo, akasema, "Mwanangu, usinune," akiyaelekeza macho mahali ambapo mke wangu hakuwepo. Mke wangu akabaki pale pale. Akasogea hatua moja pembeni, bila sauti. Macho ya mzee hayakumfuata. Mke wangu akafunika mdomo kwa kiganja, akashuka ngazi haraka kabla kilio hakijamtoka.

Mama Mizigo alikuwa ananingoja mlangoni mwa gari.

"Unapanda?"

"Sipandi."

"Kuna shida nyumbani?"

"Hakuna. Nina kazi."

Alinitazama kidogo, akaingia ndani akanitolea begi langu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Wale wanafunzi wake walinipungia kwa furaha, hawajui kitu. Sitajifanya shujaa. Iliniuma. Gari lilipokata kona nilitamani kulikimbilia, nililitukana, nililitukana na hekalu, na mzee nikamtukana moyoni kwa majina ambayo hayafai kwa mkwe. Halafu nikapanda uwanjani, kwa sababu palikuwa na wateja.

Mzee hakunisahihisha hata mara moja siku ile. Alikaa kitini mikono magotini. Wakati wa kufunga ulipofika nilikunja mwavuli, nikabeba mashine, tukaanza kushuka, yeye mbele na kiganja chake ukutani. Katikati ya ngazi akasimama.

"Ile picha," akasema. "Ulininyang'anya kama mwizi. Ilikuwa ya nani?"

Ningeweza kusema tena ni ya yule mama. Nilikuwa nimechoka. "Yako, baba."

Hakushtuka. Aliegemea ukuta, akavuta shuka lake.

"Nimetokaje?"

Nikaitoa ndani ya shati. Ilikuwa imekunjika pembeni. "Umesimama upande wa kulia," nikamwambia. "Mwanga umekuja ubavuni, unaonekana kila mkunjo wa uso. Hekalu limefifia nyuma yako, dogo. Miguu yote imo, na viatu. Unatazama mbali, unatabasamu kidogo, kama mtu aliyeitwa na anayempenda."

"Basi yule mtoto anajua kazi."

"Anajua, baba. Kunishinda mimi."

"Na mimi nimemwambia mbaya, mbele za watu." Akasugua macho yake kwa kidole gumba na cha shahada. "Yeye ameshajua?"

"Ameshajua. Yuko nyumbani anakusubiri."

"Na lile gari?"

"Limekwenda."

"Ungeweza kusema. Ungesema neno moja tu ukaenda zako."

"Ningeweza."

Mzee alitikisa kichwa, uso wake umeelekea chini kwenye ngazi asizoziona.

"Ningekuwa mimi," akasema, "ningesema."

"Najua, baba," nikamjibu, nikampa kiwiko changu ashike, kwa sababu ngazi za chini zimemomonyoka na ukuta unaishia hapo.